Lenzi Isiyokuwepo na Dosari Zake

Filamu ya The Lion King iliyotoka Julai 2019 ina simba anayeitwa Simba, nyani anayeitwa Rafiki, mbuga inayopepea vumbi na jua linalochomoza taratibu upeo wa macho ukiwa bado una giza. Karibu vyote hivyo havijawahi kuwepo mbele ya kamera. Siku chache baada ya filamu kuingia katika majumba ya sinema, mwongozaji wake, Jon Favreau, alifichua kwamba vipande 1,490 vya filamu hiyo vilitengenezwa na kompyuta, na kimoja tu ndicho kilichopigwa kwa kamera halisi barani Afrika: kile cha kwanza kabisa, cha alfajiri. Alikichomeka pale aone kama kuna atakayekitambua.

Kipande hicho kiliweza kujificha kwa sababu vile vingine 1,490 vilikuwa vimevalishwa dosari za kioo. Timu ya filamu ilikuwa imekwenda Kenya kutazama wanyama, miamba na jinsi mwanga unavyotua. Iliporudi Los Angeles, mpigapicha mkuu Caleb Deschanel, mkongwe wa filamu kama The Right Stuff ya 1983, hakuketi mbele ya kompyuta kubonyeza vitufe. Alipewa vifaa anavyovijua: reli, magurudumu na vichwa vya tripodi, vyote vimeunganishwa na kamera ya kubuni iliyomo ndani ya mbuga ya kubuni. Akisukuma gari la kamera kwenye sakafu ya studio, kamera isiyokuwepo inasogea kando ya simba asiyekuwepo. Mkono ukichelewa kidogo kumfuata mnyama aliyegeuka ghafla, ucheleweshaji huo unabaki kwenye filamu.

Zipo kampuni zinazolipa mamilioni ya dola kuchafua picha iliyotoka safi. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ujinga wa wenye fedha, na wapo wanaolikumbatia bila kuuliza, wakimwaga mwako wa jua na ukungu katika kila fremu. Makala haya yanaitetea kazi hiyo kwa sharti moja: kila dosari iwe na chanzo. Ikiwa na chanzo inasadikisha. Isipokuwa nacho ni urembo tu, na inapoingia kwenye habari inageuka kuwa ushahidi wa uongo.

Tuanze na usafi wenyewe. Kompyuta ikiachiwa ifanye itakavyo, hupiga picha kupitia tundu lisilo na upana wowote. Kila mwale wa mwanga hupita kwenye nukta moja, basi. Ncha ya pua ya swala na mlima ulio kilomita 50 nyuma yake vinatoka kwa ukali uleule. Ni kile chumba cha giza ambacho Ibn al-Haytham alikichambua karibu miaka elfu moja iliyopita, ila tundu lake ni dogo kuliko lolote linaloweza kutobolewa na sindano. Hesabu yake ni sahihi, na jicho huikataa papo hapo.

Lenzi halisi haiwezi kuishi na tundu la aina hiyo kwa sababu inahitaji mwanga wa kutosha. Kwa hiyo inafunguka, na ikifunguka matatizo yanaingia pamoja na mwanga. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani Ludwig Seidel aliainisha dosari tano kuu: miale ya kingoni kutokutana na ile ya katikati, nukta kuota mkia, mistari iliyonyooka kupinda, na nyinginezo. Hapo hajagusa rangi. Kioo huupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo rangi za kitu kimoja haziangukii mahali pamoja. Piga picha ya ukingo wa paa la bati dhidi ya anga jeupe la mchana, kisha uikuze: mara nyingi pembeni kabisa mwa fremu utaona uzi wa zambarau au kijani umefuata ule ukingo. Katikati ya picha uzi huo haupo. Unaanza kuota kadiri unavyotoka katikati kwenda nje, kwa mpangilio. Mpangilio huo tutauhitaji baadaye.

Halafu kuna mrudisho wa mwanga. Uso mmoja wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaougonga. Mwanga uliorudishwa na uso mmoja hurudishwa tena na mwingine ulio mbele yake, na ndipo zinapozaliwa zile duara na pembesita zinazojipanga kwenye picha iliyopigwa kuelekea jua. Lenzi yenye nyuso 20 ina jozi 190 zinazoweza kuzaa mzimu mmoja mmoja wa namna hiyo. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alibuni njia ya kukipaka kioo utando mwembamba unaopunguza mrudisho, na tangu hapo wahandisi hawajaacha kupigana na mizimu hiyo. Hawajaimaliza. Mwenye simu anaweza kuthibitisha usiku wa leo: ielekeze kamera kwenye taa ya barabarani, uiweke taa upande wa juu kushoto wa skrini. Kwa simu nyingi kitatokea kidoa, mara nyingi cha kijani, chini kulia. Isogeze taa kulia, kidoa kinakwenda kushoto. Kila mara kinakaa upande wa pili wa kitovu cha picha, na kikosa kukaa hapo basi kuna mtu amekipaka.

Wanasayansi wa kompyuta waliielewa kazi hii mapema. Mwaka 1981 Michael Potmesil na Indranil Chakravarty walichapisha njia ya kuipa picha ya kompyuta fokasi yenye mipaka. Miaka mitatu baadaye Robert Cook, Thomas Porter na Loren Carpenter wa Lucasfilm wakaja na wazo lililobadilisha tasnia nzima: badala ya mwale mmoja kwa kila nukta, tupa mingi, uitawanye katika upana wa lenzi na katika muda ambao shata iko wazi. Ukungu wa fokasi na mchirizi wa mwendo vikatoka kwa pamoja, kwa sababu vyote viwili vina asili moja, yaani mwanga kukusanywa mahali pengi na kwa muda fulani. Mwaka 1995 Craig Kolb, Don Mitchell na Pat Hanrahan walikwenda mbali zaidi. Walichukua vipimo vya lenzi zilizopo, kioo kwa kioo, mbinuko kwa mbinuko, wakaipitisha miale ndani yake. Hawakuchora mpindo wa lenzi ya jicho la samaki, ulijitokeza wenyewe kwenye hesabu. Mwaka 2011 Matthias Hullin na wenzake wakaonyesha kwamba hata ile mizimu ya jua inaweza kukokotolewa kutoka kwenye ramani ya lenzi kwa kasi ya kutosha kutazamwa papo hapo.

Waliolifanya hili kwa akili nyingi zaidi ni watu wa Pixar katika WALL-E ya 2008. Mwongozaji Andrew Stanton alitaka hadithi yake ya roboti mzoa taka ionekane kama filamu za anga za miaka ya 1970, ambazo nyingi zilipigwa kwa lenzi za anamofiki. Lenzi hizo huubana upana wa mandhari uingie kwenye fremu nyembamba, kisha projekta huutanua tena. Taa ya mbali iliyo nje ya fokasi haiwi duara, inakuwa umbo la yai lililosimama wima. Taa kali huvuta uzi wa mwanga mlalo, kutoka ukingo hadi ukingo. Pixar walikuwa wametumia kamera ya kompyuta kwa zaidi ya muongo mmoja, lakini haikuwa ikitenda hivyo.

Wakamwita Roger Deakins, mpigapicha wa filamu za ndugu Coen, na Dennis Muren, gwiji wa athari maalumu za picha. Wakakodi kamera na lenzi za Panavision. Wakakata mfano wa WALL-E kwa ubao wa povu, wakausimamisha, wakaupiga picha halisi, kisha wakaiweka picha hiyo pembeni mwa ile ya kompyuta yenye mpangilio uleule. Ikaonekana wazi kwamba kamera yao ya kubuni ilikuwa ikidanganya, nao wakairekebisha hesabu yake. Matunda yake yako katika nusu saa ya mwanzo, pale roboti anapohangaika peke yake kwenye milima ya taka na karibu hakuna anayezungumza. Nyuma yake dunia nzima imeyeyuka kuwa ukungu wa rangi ya kutu, mtazamaji hana pa kutazama isipokuwa yale macho mawili ya darubini. Ukungu ule unafanya kazi ambayo mazungumzo yangeifanya. Hakuna aliyeuweka kwa kukisia, waliufuata kwenye kioo.

Pixar wenyewe waliendelea na njia hiyo hadi Toy Story 4 ya 2019, kwenye duka la vitu vya kale, ambako wanasesere wamezungukwa na taa zenye umbo la yai na vumbi linaloelea.

Sasa upande wa pili. J. J. Abrams alipopiga Star Trek ya 2009, watu wake walisimama nje ya fremu na tochi kali wakimulika lenzi makusudi. Angalau tochi zilikuwepo. Lakini mtindo ulisambaa, programu za uhariri zikajaa mwako wa jua wa kubandika, na mwaka 2013 Abrams mwenyewe aliomba radhi kwa kuzidisha katika filamu ya pili. Kwenye michezo ya kompyuta hali ilikuwa mbaya zaidi. Battlefield 3 ya 2011 inamweka mchezaji ndani ya kichwa cha askari, anatazama kwa macho yake, halafu jua likimpiga usoni skrini inajaa madoa ya uchafu wa lenzi. Lenzi ya nani? Askari hana kamera usoni. Bloodborne ya 2015 ilizitenganisha rangi kingoni kiasi kwamba wachezaji wengi walilalamika kuumwa macho. Michezo mingi leo huweka swichi ya kuzima athari hiyo, na wengi huizima kabla hawajacheza hata dakika moja. Wako sahihi.

Hata The Lion King, kwa ufundi wake wote, iliteleza hapa kwa namna ya pekee. Kila kitu katika kamera yake kilimwambia mtazamaji kwamba anatazama filamu ya wanyamapori: mpigapicha yuko mbali, anajitahidi kumfuata mnyama, mwanga ni wa asili. Kisha mnyama anafungua kinywa na kuimba. Wakosoaji walisema nyuso za simba hazikuwa na hisia, na lawama wakawatupia wahuishaji. Kwa mtazamo wa makala haya, kamera inastahili nusu ya lawama hiyo. Lenzi iliahidi ukweli wa porini ambao hadithi haikuwa na nia ya kuutimiza. Filamu ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo huenda Disney hawakupoteza usingizi.

Hesabu hizi haziko tena mikononi mwa wenye studio kubwa. Blender, programu ya bure inayotumiwa na vijana wengi wa uhuishaji kutoka Nairobi hadi Kampala na Dar es Salaam, ina kamera inayokubali kupangiwa tundu la lenzi, idadi ya mabamba yanayolifunga, hata uwiano wa kuifanya taa iliyofifia iwe umbo la yai. Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar ya uhuishaji mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo. Kwa hiyo kisingizio cha fedha kimepungua, na kinachokosekana zaidi ni subira ya kukitazama kioo. Tangazo la biashara lenye gari linalong'aa katikati ya jiji, jua liko nyuma ya mtazamaji na bado mwako wa lenzi unakatiza fremu, limetengenezwa na mtu aliyenunua dosari dukani bila kuuliza inatoka wapi. Mabamba sita hutoa pembesita. Ukichagua sita kwa taa za nyuma, mizimu ya mbele nayo iwe na pembe sita. Ni jambo dogo, na mtazamaji hatalitaja kwa jina, ila atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Mtazamaji huyohuyo analo somo mfukoni. Tangu iPhone 7 Plus ya 2016, na Pixel 2 ya 2017 iliyoweza kufanya hivyo kwa kamera moja ya nyuma, simu zimekuwa zikibuni ukungu wa lenzi kubwa ambayo hazina. Programu hukisia ni pikseli zipi za mtu na zipi za nyuma yake, kisha hufifisha za nyuma. Siku hizi hata simu za bei ya chini zinafanya. Chukua picha ya bibi harusi iliyopigwa kwa mtindo huo, uikuze. Ndani ya hereni ya duara, ukuta wa nyuma umebaki mkali wakati ukuta wote uliobaki umefifia. Katikati ya msuko na msuko vipande vya mandhari vimenaswa bila kuguswa. Upindo wa shela umeliwa. Nywele za kipilipili zilizoachwa wazi hukatwa kana kwamba kuna mkasi umepita, kwa kuwa programu imekosa kuamua mpaka ulipo. Lenzi ya kweli haiamui mipaka, inafuata umbali tu. Jicho likiwa kwenye fokasi, sikio linafifia kidogo na bega zaidi kidogo.

Kwenye harusi hilo ni suala la ladha. Kwenye chumba cha habari ni suala jingine kabisa.

Kwa miaka mingi dosari zilikuwa stakabadhi isiyo rasmi ya ukweli. Picha iliyotikisika, yenye chembechembe, iliyopigwa kwa haraka, ilisomwa kuwa ya mtu aliyekuwepo. Imani hiyo ilikuwa na msingi wa kisayansi. Mwaka 2006 Micah Johnson na Hany Farid wa Dartmouth, Marekani, walionyesha kwamba ule uzi wa rangi unaokua kutoka katikati kwenda kingoni unaweza kumfichua mghushi: mtu aliyekatwa kwenye picha nyingine na kubandikwa hapa huja na uzi wake, unaoelekea kitovu kisicho cha picha hii. Mwaka huohuo Jan Lukáš, Jessica Fridrich na Miroslav Goljan walieleza jinsi kila kihisi cha kamera kinavyoacha alama yake ya kudumu, kwa sababu hakuna pikseli mbili zinazopokea mwanga sawasawa. Wachunguzi hawa walitumia sharti lilelile la Pixar. Walitafuta chanzo cha dosari, na pale chanzo kilipokosekana waliitilia shaka picha.

Mitambo ya akili mnemba imekivuruga kipimo cha macho matupu. Imelishwa mamilioni ya picha zenye ukungu, chembechembe na mwako wa jua, na inavitoa vyote bila kuwa na lenzi wala kihisi. Tarehe 22 Mei 2023 picha ya moshi karibu na Pentagon ilisambaa mitandaoni, na kabla haijakanushwa hisa za New York zilitetereka kwa dakika kadhaa. Julai 2025 video ya sungura wakirukaruka usiku kwenye trampolini ilitazamwa dunia nzima. Ilifanywa ifanane na ya kamera ya ulinzi ya nyumbani: haina rangi, haina ukali, imepigwa kutoka juu. Ubovu huo ndio uliowaghilibu watazamaji, maana ulificha makosa, likiwemo la sungura mmoja anayeyeyuka akiwa hewani. Ingekuwa video safi, wengi wangeshtuka mapema.

Sungura hawamdhuru mtu. Lakini Kenya inaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na video ya masanduku ya kura yakichezewa haitahitaji kuwa nzuri. Itahitaji kuwa mbaya kwa namna inayozoeleka: imetikisika, imepigwa kupitia dirisha, ina sauti ya upepo. Vyumba vingi vya habari vya Afrika Mashariki hupokea klipu za aina hiyo kwa WhatsApp, ambayo huibana faili na kuifuta kumbukumbu yake ya ndani. Zile alama ambazo Farid na Fridrich wangezitafuta zinakuwa zimedhoofika au zimetoweka kabla mhariri hajafungua ujumbe. Isitoshe, simu za sasa hujirekebishia zenyewe mipindo na nyuzi za rangi, kwa hiyo hata picha ya kweli huja imekwishasafishwa.

Dawa za kiufundi zipo. Muungano wa C2PA, ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni na mashirika yakiwemo Adobe, Microsoft na BBC, umeweka kanuni za kuibandika picha hati ya asili yake, na Leica M11-P ya 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kuja na uwezo huo. Kamera hiyo inauzwa kwa maelfu ya dola. Mpiga picha wa kujitegemea wa Bukoba au Kakamega hataiona hivi karibuni, na kumsubiri aipate ni kuahirisha tatizo.

Kilicho karibu zaidi ni utaratibu wa kazi. Mhariri anayeletewa klipu ya vurugu saa tano usiku asiseme inaonekana ya kweli kwa kuwa imetikisika. Aombe faili asilia itumwe kama dokyumenti, isibanwe. Amuulize aliyepiga alisimama wapi, aangalie kama taa, vivuli na vile vidoa vya kijani vinakubaliana na mahali hapo. Kisha aombe alichopiga kabla na baada. Aliyekuwepo kwa kawaida hana klipu moja tu; simu yake ina mbili tatu zilizoharibika, moja ikionyesha sakafu.